Fundi na Mali ya Watoto Wake

Kila nikipita Kariakoo na kuona vibao vya mafundi wa umeme, mabomba na aluminiamu, hujiuliza: kazi ikiharibika, nani atalipa? Wengi wao wanajitegemea. Wana namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri, na jina la biashara walilosajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Wanaona wamekamilika. Mbele ya maofisa wa kodi na leseni, wamekamilika kweli. Kwa familia zao, bado.

Jina la biashara ni jina tu. Anayedaiwa ni fundi mwenyewe. Waya alioufunga vibaya ukiunguza duka la mteja na mahakama ikaamuru fidia, sheria yetu ya mashauri ya madai itamnusuria zana zake za kazi na nyumba anayoishi na familia. Lakini akiba ya benki, gari na kile kiwanja alichowanunulia watoto vinaweza kukamatwa.

Njia mojawapo ni kufungua kampuni. Mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, kwamba kampuni ni mtu mwingine kisheria, mbali na mwenye hisa, na kwamba deni la kampuni halimfuati nyumbani. Kanuni hiyo inafuatwa Tanzania pia. Ni kinga ya kweli, ila inavunjika kirahisi. Mkopeshaji akidai dhamana binafsi ya mkurugenzi na ukasaini, umerudi pale pale. Na aliyeumizwa kwa uzembe wa mikono yako anaweza kukushtaki wewe mwenyewe, uwe na kampuni au usiwe nayo.

Hapo ndipo bima inapohitajika, nami naona ndipo tunapokwama zaidi. Nimekua nikisikia wakubwa wakisema kupanga habari za ajali ni kujitakia uchuro. Sasa naamini kinyume chake. Fundi anayekata bima ya dhima anamwambia mteja wake: mimi ni binadamu, mkono wangu unaweza kuteleza, na siku hiyo hutabaki na hasara peke yako. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kati ya watu wawili wanaofanya kazi pamoja. Anachopaswa kufanya ni kumweleza mtoa bima kazi zake zote bila kuficha, hata ile ya kupanda maghorofani, kwa sababu jambo lililofichwa linaweza kumnyima fidia. Na asome sehemu ya yasiyolipwa kabla ya kulipa ada, maana mikataba mingi hailipi gharama ya kurudia kazi mbovu yenyewe.

Kuna mwingine tunayemsahau: saidia fundi. Kijana anayebeba ngazi na kuchimba mitaro hana akiba ya kumtibu akianguka. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri ajisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) na kuchangia, na kiwango sasa ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi.

Ndugu fundi, kabla hujapokea malipo ya awali ya kazi ijayo, kaa na mwenzako wa nyumbani mwandike mali zote zilizo kwa jina lako. Kisha nendeni wote wawili kwa mwanasheria na kwa wakala wa bima aliyesajiliwa na mamlaka ya bima, TIRA, mkiwa na orodha hiyo mkononi.