Laini Moja, Jina la Mama



Shaabani iliyopita tulikwenda Meru kwa nikaha ya mtoto wa ndugu yetu. Nyumbani tulipofikia, karibu na soko la Gakoromone, tulimkuta kijana wa miaka 16 aliyevaa viatu vipya. Akatwambia anafanya kazi ya mtandaoni, nasi tukamsifu. (Mola atusamehe, hatukuuliza ni kazi gani.)

Siku ya pili yake polisi walibisha hodi. Hawakumtaka yeye, walimtaka mama yake, muuza mitumba. Kijana hana kitambulisho, na laini yake imesajiliwa kwa jina la mama. Mtu asiyemjua, waliyekutana mtandaoni, humtumia fedha; yeye hubakisha shilingi 500, zilizosalia huzipeleka kwa namba nyingine. Zilikuwa fedha za watu waliotapeliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 juu ya utakatishaji wa fedha humshika pia mpokeaji, ikiwa alijua au alipaswa kujua kuwa zimetokana na uhalifu.

“Kwani, Maalim, mimi nimemwibia nani?”

Tulimtajia Suratul Maida, aya ya 2, inayokataza kusaidiana katika dhambi. Akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyemjibu: “Huenda ni mwanamke kama mimi, mwanangu.”

Tuliporejea Mombasa tulipiga *106# ili tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Zilitokea nne. Sisi twatumia mbili. Tukawaita watoto sebuleni.