Nyumba Husomwa Kabla ya Kuhamiwa: Safari Yangu ya Kwanza Hong Kong

Mdogo wangu ameolewa Hong Kong, na yeye na mumewe walipopata fleti mtaa wa Sham Shui Po, waliniita niende kuwasaidia kuhama. Nikatoka Unguja, nikapitia Doha, na alfajiri ndege ikatua Chek Lap Kok, uwanja uliofunguliwa mwaka 1998 kando ya kisiwa cha Lantau, sehemu kubwa yake ikiwa juu ya bahari iliyofukiwa. Basi la kwenda mjini likapita daraja la Tsing Ma, na hapo ndipo nilipoanza kuiona milima. Nilikuwa nimezoea kuiona Hong Kong pichani kama msitu wa maghorofa. Sikujua kwamba nyuma ya maghorofa hayo kuna safu za milima ya kijani, na kwamba mji umejibana katika ukanda mwembamba, mlima nyuma na maji mbele.

Shemeji yangu, aliyekuja kunipokea, alinieleza kuwa kwa wazee wao hapo ndipo pazuri pa kuishi. Feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi, husimama juu ya imani kwamba kuna nguvu ya uhai, qi, inayopita ardhini, hewani na miilini mwetu. Nyumba njema ni ile inayoipokea nguvu hiyo na kuituliza. Iwe na mlima mgongoni, uwazi na maji usoni, kilima cha joka upande wa kushoto na cha chui milia mweupe upande wa kulia, na mlango utazame kusini. Nilipoitafakari kanuni hiyo, niliona inavyolingana na hali ya nchi ilikozaliwa. Uchina iko kaskazini mwa ikweta. Majira ya baridi, upepo mkali hushuka kutoka kaskazini, na jua hupita upande wa kusini. Mlima unakinga upepo, mlango unapokea jua, maji yanamwagilia shamba.

Siku iliyofuata alinipeleka Lai Chi Wo, kijiji cha Wahakka kaskazini-mashariki mwa New Territories, chenye umri wa zaidi ya miaka mia tatu. Nyuma ya nyumba umepinda msitu kama mwezi mchanga. Wenyeji huuita msitu wa feng shui, na tangu zamani haukukatwa kiholela, kwa kuwa waliamini ndio unaolinda bahati ya kijiji. Huo ndio msitu unaoshika udongo wa mlima mvua za tufani zinapoporomoka, unaopunguza makali ya upepo na kuhifadhi maji. Nilisimama chini ya miti ile nikiwaza mikoko na misitu ya kaya za pwani yetu, ambayo nayo imesalimika pale ambapo watu waliendelea kuiheshimu.

Lakini katika ghorofa ya kumi na mbili utaupata wapi mlima? Hapo ndipo nilipojifunza mengi zaidi, na mwalimu wangu alikuwa mama mkwe wa mdogo wangu.

Mama huyo alikuwa ameshakataa fleti mbili kabla ya hii. Ya kwanza ilitazama mwanya mwembamba kati ya minara miwili mirefu. Kwa mafundisho ya feng shui, mwanya wa namna hiyo ni kama panga linaloshuka kutoka mbinguni, na anayeishi mbele yake hapati amani. Nilipita mbele ya jengo hilo jioni moja. Upepo uliokuwa shwari barabarani ulitoka mwanyani pale kwa nguvu ya kunivua mtandio. Fleti ya pili, mlango wake ulikabiliana uso kwa uso na mlango wa lifti. Kila lifti inapofunguka, wageni wanatazama sebuleni mwako. Sikuhitaji kuamini qi ili kuelewa kwa nini mama alisema hapana.

Hii ya tatu aliikubali kwa sharti kwamba mtaalamu aje kuipima. Akaja mzee mmoja mwenye mkoba wa kitambaa, akatoa luopan, dira ya feng shui. Ni kisahani cha mbao kinachozunguka ndani ya kitako cha mraba chekundu. Katikati mna sindano ndogo ya sumaku, na kuizunguka, duara baada ya duara za maandishi madogo mno. Moja ya duara hizo huigawa dunia katika pande 24, kila upande digrii 15. Nyuzi mbili nyekundu zimekatizana juu yake. Mzee alisimama kizingitini, akaishika kwa mikono miwili usawa wa kiuno, akakizungusha kisahani polepole mpaka sindano ikalala sawa na mstari wake. Akasoma, akaandika. Akaingia hatua chache, akapima tena. Akaenda dirishani, akarudia. Shemeji akaninong'oneza kuwa vyuma vilivyomo ndani ya zege na lifti ya jirani huivuta sindano, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Kisha akaanza kuyataja aliyoyaona. Ukifungua mlango mkuu, jicho lilikwenda moja kwa moja hadi dirisha la mwisho. Mzee alisema qi inayoingia hivyo hutoka papo hapo bila kuwafaa wenye nyumba. Akaagiza kabati la wazi lenye mimea liwekwe hatua mbili kutoka mlangoni, ili anayeingia apinde kwanza. Moyo wangu ulirudi pwani. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu unapita daka, unakutana na ukuta, unapinda ndipo ufike ndani. Wazee wetu walitafuta sitara ya familia, Wachina wanatafuta utulivu wa qi, na pande zote mbili zimekataa nyumba iwe njia ya kupita.

Chumbani kulikuwa na boriti ya zege iliyokatiza dari. Mzee alikataza kitanda kukaa chini yake, akakataza pia miguu ya mlalaji kuelekea mlangoni, na kioo kutazama kitanda. Kichwa kiegemee ukuta mzima, na aliyelala aweze kumwona anayeingia. Jikoni, jiko la gesi na sinki vilikuwa vimegusana. Moto na maji vikigombana, alisema, ugomvi huingia katika ndoa, basi viachanishwe kwa meza ya mbao ya kukatia mboga. Si rahisi kuyatimiza yote hayo. Katika sensa ya 2021, nusu ya kaya za Hong Kong zilikuwa na nafasi isiyozidi mita za mraba 16 kwa kila mtu. Kioo cha kabati la nguo hakikuwa na pa kuhamia, kwa hiyo mdogo wangu akakishonea pazia.

Nilidhani tungehama kesho yake. "Dada, hapa hatubebi hata kijiko mpaka almanaka ikubali," mdogo wangu akaniambia. Ukutani kwa mama mkwe ilining'inia Tung Shing, almanaka nene yenye jalada jekundu, inayotaja kwa kila siku lipi linafaa na lipi halifai: kuoa, kuchimba, kufungua duka, kuhamia nyumba. Tukangoja. Siku ilipofika, taa zote ziliwashwa asubuhi, madirisha yakafunguliwa, mabomba yakaachiwa maji kidogo. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia mikono mitupu. Kitu cha kwanza kuvuka kizingiti kilikuwa chombo cha mchele kilichojaa pomoni, kikafuatwa na chumvi na mafuta.

Baadhi ya familia huhitimisha siku hiyo kwa kuziabudu pembe nne za nyumba, kwa ubani, matunda na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Mdogo wangu na mumewe ni Waislamu, nami pia, na ibada hiyo hatuikubali. Jambo hilo lilizungumzwa mapema kwa heshima. Mama akaleta machungwa na baraka zake, akayaacha mengine yote. Sisi tukafukiza udi, tukasoma Yasin. Naye alikaa nasi hadi dua ya mwisho.

Ninayaandika haya kwa sababu Unguja tumeishi ghorofani tangu majumba marefu ya Michenzani yajengwe baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na sasa fleti zinaota kila mtaa. Dalali hutuonyesha vyumba upesi upesi, tunauliza kodi, maji na mita ya umeme, tunalipa. Nyumba yenyewe hatuiulizi lolote. Wengine nao huchukua kanuni za feng shui kama zilivyo, mlango kusini, kioo mlangoni, wakidhani bahati itafuata. Hapo ningependa tuwe waangalifu. Kwetu, karibu na ikweta, jua hupita kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine. Upepo wetu ni kaskazi na kusi. Dirisha la magharibi, ambalo huenda likafaa kwingine, Dar es Salaam litakuchoma jioni nzima. Majibu ya Wachina yametoka katika ardhi yao, ila maswali yao yanatufaa sote.

Basi kabla hujahama, irudie fleti ile jioni, jua likiwa linazama, uone linapopiga. Fungua mlango na madirisha, usikie upepo unaingilia wapi na kutokea wapi. Simama mlangoni utazame nini mgeni atakiona cha kwanza. Lala sakafuni pale kitanda kitakapokaa, utazame juu na utazame mlango. Haya hayagharimu chochote ila saa moja ya utulivu, na namsihi kila anayeshika funguo mpya aitoe saa hiyo kabla ya kubeba godoro.