Docker kwa mwenye bando la siku

Kijana mpya kazini hujinunulia bando mwenyewe, tena la siku. Tulipoweka mradi wetu wa Django kwenye Docker katika laptopu yake, kila alipogusa mstari mmoja wa msimbo na kujenga upya picha ya kontena, maktaba zote zilipakuliwa tena. Jamani!

Dawa iko kwenye Dockerfile. Docker hujenga kwa matabaka: moja likibadilika, yote yanayofuata hujengwa upya. Basi nakili requirements.txt kwanza, endesha pip install, kisha ndipo unakili msimbo. Wanaoweka COPY . . juu kabisa, nadhani, hutumia intaneti ya ofisi. Sasa pip haipakui kitu mpaka requirements.txt yenyewe ibadilike. PostgreSQL nayo tulichukua ya alpine, ni nyepesi.