Mbuzi aliwaachia nani?

Wadau, nimerudi mjini juzi usiku na vumbi la Malambo bado limo kwenye viatu. Mhariri alinituma kufuatilia habari ya maji na malisho, na hiyo nimeshamkabidhi. Hii hapa ni ile ambayo hakunituma.

Wanaonifahamu wanajua kuwa kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika kitabu cha hadithi cha watoto. Mhusika mkuu ni mvulana wa Kimaasai. Anachunga mbuzi, anamwona simba, anakimbia, anaokolewa na mwalimu aliyetoka mjini, anasoma, anakuwa daktari. Niliiandika chumbani kwangu Sinza nikijipongeza: hatimaye mtoto wa mfugaji naye kawa shujaa!

Malambo iko wilaya ya Ngorongoro. Tulipitia Mto wa Mbu na Engaresero, tukauacha mlima Ol Doinyo Lengai nyuma yetu. Jioni moja nilikuwa chini ya mgunga nikimsubiri mzee niliyetaka kumhoji. Watoto watano waliotoka shule wakanizunguka. Nikatoa mswada, nikaanza kuwasomea. Binti mmoja, mkubwa wao, akawa anawatafsiria wadogo kwa Kimaasai.

Nilipofika kwa simba, akanikatiza.

"Mwalimu, alipokimbia, mbuzi aliwaachia nani?"

Mimi si mwalimu, lakini pale mwenye kitabu ndiye mwalimu. Na mwalimu hakuwa na jibu.

"Walikuwa wangapi?"

Sikuwa nimewahesabu. Wakaangua kicheko. Kila mmoja wao alijua mbuzi wa kwao ni wangapi, yupi ana baka, yupi mtundu. Kwangu mimi mbuzi walikuwa pambo la picha, na ndugu zangu, hata yule mvulana alikuwa pambo. Nilimweka mbele ili mtu wa mjini apate wa kumwokoa.

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuchapisha hadithi za Kiswahili nchini tangu 1991. African Storybook, iliyoanza 2014, inatoa hadithi bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kimaasai kikiwemo. Lakini shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Kiswahili kimetuunganisha, nami ndicho kinachonilisha. Ila mtoto wa Malambo anaanza darasa la kwanza kwa lugha ambayo mara nyingi haisikii nyumbani, kisha anakuta humo hadithi za watoto wengine. Akijikuta yeye, ameshika mkuki au anaruka. Hahesabu mbuzi, hatanii wenzake, wala hamuulizi mwandishi swali gumu.

Nilimuuliza yule binti, yeye angefanyaje?

"Ningepiga kelele wenzangu waje. Huwezi kwenda nyumbani bila mbuzi."

Kwa hiyo wenzake wapo. Kwangu hawakuwepo! Nilimwacha mtoto peke yake porini ili mwokozi wangu apate kazi.

Nimefuta kurasa 14. Mwalimu wa mjini kaondoka, mbuzi sasa ni 23, na mhusika mkuu ni msichana mwenye maswali mengi. Nikimaliza nitarudi nao chini ya mgunga ule kabla mchapishaji yeyote hajauona.

Nanyi wadau, mlipokuwa wadogo, ni kitabu gani mlichojikuta ndani yake? Mimi bado nakitafuta changu.