Siku ya Ziada Horombo

Safari ya kutoka Majengo, hapa Mpanda, hadi geti la Marangu huikata nchi karibu yote. Basi hupita Inyonga na Sikonge hadi Tabora, likashika njia ya Nzega, Singida na Babati, na baada ya Arusha ndipo Moshi. Mtu angedhani mwendo wote huo ni wa kupanda, maana mwisho wake ni mlima mrefu kuliko yote Afrika. Sivyo. Mpanda iko juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Moshi mjini iko chini ya hapo. Mtu wa Majengo anayekwenda Kilimanjaro huwa ameshuka kabla hajapanda. Nalitanguliza hili kwa sababu mwinuko ndio hakimu wa kila ninachokieleza hapa. Nilikwenda na swali moja: kiongozi wa mlima hulipwa kwa kazi gani hasa? Njia imekwishachongwa, mabango yapo, mizigo inabebwa na wengine. Jibu nililorudi nalo ni kwamba hulipwa ili amcheleweshe mgeni wake, na kwamba sisi wapandaji, tunapopunguza siku ili tupunguze gharama, humnyang'anya kazi hiyo kabla hajaianza.

Kwa hoja hii Tabora si mahali pa kupita tu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Unyanyembe, yaani hapo Tabora, kwenda Bagamoyo juu ya mabega ya Wanyamwezi, na mbele ya msafara alitembea kirangozi. Richard Burton, aliyeifuata njia hiyo kuanzia mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini. Sheria hiyo inaonekana ya kibwana mpaka uitafakari: wenye nguvu wakiachiwa wapange mwendo, wadhaifu huachwa porini, na msafara uliokatika vipande hauna ulinzi wala maji ya kugawana. Mwendo haukuwa mali ya mtu mmoja. Viongozi wa Kilimanjaro wanaohimiza "pole pole" tangu getini wanaendeleza desturi hiyo, wajue wasijue. Tofauti ni kwamba kirangozi alikuwa na faini, wao wana kauli tu.

Sasa hesabu yenyewe. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900. Usiku wa kwanza hulalwa Mandara, mita 2,720, bado ndani ya msitu wa mbega. Wa pili ni Horombo, mita 3,720, ambako miti imekwisha na kilichobaki ni vichaka na yale maseneshio makubwa yenye vichwa vya majani. Wa tatu ni Kibo, kwenye mita 4,700 na kitu, baada ya kuvuka uwanda mkavu unaotenganisha vilele vya Mawenzi na Kibo, ambako maji ya kupikia hubebwa kutoka chini. Usiku wa manane huohuo watu huanza kukwea changarawe kuelekea Gilman's Point, mita 5,685, kisha kilele cha Uhuru, mita 5,895. Basi mahali pa kulala hupanda kama mita 1,000 kila siku. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Ratiba ya siku tano ya Marangu huuvunja ushauri huo waziwazi. Kileleni kila pumzi huleta kama nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga huivuta bure. Mwili unaweza kuzoea, lakini huzoea kwa siku, hauzoei kwa saa. Usipoupa nafasi, huanza kwa kichwa kuuma na kutapika; ukiendelea kuulazimisha, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo tiba ya kutegemewa ni kushuka mara moja. Vidonge vya Diamox husaidia, ila haviwezi kuigeuza mita 1,000 ikawa 500.

Ndiyo maana naitetea siku ya sita, ile ya kulala Horombo mara mbili wakati wa kupanda. Siku hiyo hupandwa hadi kwenye miamba yenye milia ya pundamilia, karibu mita 4,000, kisha hurudiwa Horombo kulala. Kwa macho ya mwenye haraka ni siku iliyopotea, kwa kuwa jioni yuko palepale alipoamkia. Njia ya Machame imelijenga jambo hilo ndani yake: mchana hufika Lava Tower, karibu mita 4,600, usiku hulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Wala hekima hii si ya jana. Mjerumani Hans Meyer alishindwa mwaka 1887, barafu ikamrudisha. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa amepanga kambi za ngazi kwa ngazi, na wapagazi waliopandisha chakula kutoka Marangu. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kambi ya juu, kwenye baridi ambayo Pangani haijapata kuiona. Tarehe 3 Oktoba Wazungu hao walifika ukingo wa kreta, muda ukawaishia, wakashuka kambini. Tarehe 6 wakakifikia kilele. Purtscheller husifiwa kwa kukata ngazi kwenye barafu, na anastahili. Lakini bila chakula cha kuwaweka juu, jaribio la tarehe 3 lingekuwa kushindwa kwa mara nyingine. Walioununua muda ule ni wapagazi.

Nitaambiwa kwamba mlima ni nguvu. Mwaka 2014 Karl Egloff, Mswisi mwenye asili ya Ecuador, alipanda hadi Uhuru na kurudi chini kwa chini ya saa saba, na Mtanzania Simon Mtuy alikwishaonyesha kabla yake kwamba inawezekana ndani ya siku moja. Ni kweli, ila wakimbiaji wa namna hiyo huuzoesha mwili mwinuko kwanza, kisha siku ya mbio hugusa kilele na kuteremka kabla maradhi hayajapata saa za kujijenga. Mgeni wa siku tano hufanya kinyume: hapandi haraka kiasi cha kuukimbia ugonjwa, wala polepole kiasi cha kuuzoea.

Wengine huwatazama wapagazi, wenyewe hujiita wagumu, wakipita na mizigo ambayo hifadhi imeiwekea kikomo cha kilo 20, wakaamua kwamba huu ni ugonjwa wa wageni. Wanawafananisha na Masherpa wa Khumbu, nchini Nepal. Ulinganisho huo ni wa hatari. Masherpa wameishi juu ya mita 3,000 kwa vizazi vingi, na wataalamu wameona kwamba wao na ndugu zao wa Tibet wamerithi miili inayoitumia hewa nyepesi vizuri kuliko yetu. Mchaga amezaliwa migombani, kwa kawaida chini ya mita 2,000. Mgumu wa Marangu, au kijana wa Mpanda aliyekwenda Moshi kutafuta kibarua, hakurithi kinga hiyo. Alichonacho ni mazoea ya kupanda mara kwa mara, na mazoea hayo hufifia akikaa chini. Naye huugua, mara nyingi akiwa na koti jepesi kuliko la mgeni. Haraka ya mwenye kulipa huwaburuta wote.

Pingamizi zito zaidi latoka Khumbu kwenyewe. Mwaka 2023 Nepal ilitangaza kwamba mgeni asitembee milimani bila kiongozi, na wenye mamlaka ya Khumbu wakakataa kuifuata amri hiyo. Ikiwa wenye milima mirefu kuliko yote duniani wanamwachia mgeni avuke Cho La, mita 5,420, peke yake, sheria yetu ya kumlazimisha kila mtu awe na kiongozi si njia ya kumkamua tu? Nadhani hapana. Khumbu ni nchi ya watu. Mgeni hulala Namche, mita 3,440, kwa kawaida usiku wa pili pia, na mbele yake kuna vijiji, nyumba za wageni, na zahanati ya Pheriche juu ya mita 4,200. Wenyeji humtazama uso na kumwambia arudi. Juu ya msitu wa Kilimanjaro hakuna kijiji, hakuna bibi wa kukuuliza mbona umepauka. Kazi ambayo Khumbu hugawanywa kwa mamia ya watu, kwetu amebebeshwa kiongozi mmoja, na humfikia hasa pale ubongo wa mgeni umekosa hewa na hauwezi tena kujihukumu.

Inabaki fedha, na hapa sina dharau. Siku moja zaidi ni kiingilio kingine cha hifadhi, chakula na ujira wa kundi zima. Ila Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa nje, na aliyetoka Katavi amekwishamwaga nauli na likizo barabarani. Kuokoa siku moja mwishoni ni kuvihatarisha vyote vilivyotangulia. Tena pesa hiyohiyo humharibia kiongozi uamuzi: sehemu kubwa ya pato lake ni bakshishi, na mgeni aliyefika Uhuru hufungua mkono kuliko aliyerudishwa Kibo. Tunamlipa atukokote, kisha tunashangaa hajatuzuia. Kwa hiyo, ewe msomaji wa Majengo unayeweka akiba ya mlima, ukifika Moshi omba ratiba ya siku sita, na kabla hamjaondoka getini mwambie kiongozi, wapagazi wakisikia, kwamba bakshishi ni ileile akikufikisha Uhuru au akikurudisha kutoka Horombo.