Weusi Si Ukali: Hukumu ya Biri Nyeusi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaike na kitu kwa kuwa tu kimerembwa. Hata hivyo, ina upande wa pili usiotajwa mara nyingi: ikiwa umbo la kupendeza laweza kuficha upungufu, basi umbo la kutisha nalo laweza kuficha upole. Jambo hili hudhihirika hata mahali pasipotarajiwa, yaani mezani pa mwonjaji wa biri nyeusi.

Biri ni sigara nene isiyovishwa karatasi bali jani lenyewe la tumbaku. Ina sehemu tatu: majani ya moyoni, jani la kuyafunga pamoja, na jani la nje ambalo ndilo vazi lake. Wajuzi huzipanga biri kwa rangi ya vazi hilo, kuanzia ile ya manjano iliyofifia hadi ile inayokaribia weusi wa makaa. Vazi jeusi huitwa maduro, neno la Kihispania lenye maana ya kitu kilichoiva. Yafaa msomaji wa lugha atue hapo kidogo. Waliolibuni jina hili hawakusema nyeusi, wala hawakusema kali. Walisema mbivu.

Kuiva huko hakuji kwa siku moja. Jani linalofaa ni nene na gumu, kama lile la bonde la Connecticut nchini Marekani au la San Andrés nchini Mexico, kwa kuwa jani jembamba haliwezi kustahimili kazi inayolingoja. Baada ya kukaushwa, majani hutiwa unyevu na kulundikwa malundo makubwa. Joto huanza kupanda lenyewe ndani ya lundo pasipo moto wowote. Wafanyakazi hulipima joto hilo, na likizidi kiasi hulipindua lundo, ya ndani yakawa nje na ya nje yakawa ndani. Amonia hutoka pamoja na harufu yake ya kuchoma pua, nao ukakasi wa jani hupungua. Jani la maduro hukaa katika joto hilo muda mrefu kuliko mengine, likazidi kuwa jeusi kadiri linavyozidi kulainika ladha. Kwa hivyo weusi wake ni alama ya subira. Wapo pia wasio na subira, ambao hulipika au kulipaka rangi ili lifanane na lililoiva.

Ukali wa biri, basi, watoka wapi? Kwa kiasi kikubwa watoka moyoni. Majani ya juu kabisa ya mmea, yaitwayo ligero, ndiyo yanayopigwa na jua zaidi, na ndiyo yenye nguvu nyingi. Kwa sababu huungua polepole, msokotaji huyaweka katikati kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Biri yenye vazi la rangi ya maziwa na chai yaweza kumpeleka mvutaji kitandani akiwa na kizunguzungu, ilhali nyeusi iliyo jirani yake ikawa pole.

Mwonjaji mgeni hayajui haya. Awekewapo biri ya Padrón 1964 Anniversary yenye vazi la maduro, hukunja uso kabla hajaigusa. Biri hii ina historia yake: José Orlando Padrón, mzaliwa wa Cuba, alianzisha kampuni yake mjini Miami mwaka 1964, na mwaka 1994 ikatolewa biri hii ya kuadhimisha miaka 30. Husokotwa Estelí, Nicaragua, na hugandamizwa hata ikawa na pembe nne. Mgeni haoni lolote katika hayo. Aonacho ni weusi tu, naye amekwisha kutoa hukumu.

Mwonjaji mzoefu hafanyi pupa. Kwanza huipapasa kwa vidole akitafuta palipo pagumu au palipo na pengo. Huinusa. Huikata kichwa kwa kisu kikali, kisha huvuta hewa kabla ya kuiwasha, apate kujua iwapo njia ya moshi i wazi. Huupasha moto mguu wake pole pole pasipo kuuchoma. Moshi haumezi, huuzungusha kinywani na kuutoa. Baada ya hapo hungoja karibu dakika nzima kabla ya kuvuta tena, kwani biri inayoharakishwa hupata joto na kuwa chungu, na lawama hiyo si ya jani bali ya mvutaji.

Katika theluthi ya kwanza hutafuta maneno. Hapa Kiswahili humfaa sana, kwa kuwa hutenga mambo ambayo mvivu huyachanganya. Uchungu ni wa shubiri. Ukali ni wa pilipili. Ukakasi ni wa ndizi mbichi inayoukausha ulimi. Akiyapima moja moja, hugundua kwamba anachokiona kinywani ni uchungu wa kahawa, tena kahawa iliyofuatwa na tende, pamoja na kakao. Ukali upo, lakini hujitokeza baadaye, katika theluthi ya mwisho, nao watoka moyoni wala si kwenye vazi. Ndiyo maana waonjaji makini huivua biri utepe wenye jina lake kabla ya kuipa alama, ili ulimi usitumwe na macho.

Hata hivyo, hukumu isiishie hapo. Mgeni aliyeiogopa biri kwa weusi wake, sasa huipenda kwa utamu wake, na kuingia katika kosa la pili. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Asiyemeza moshi hupata nikotini kupitia ngozi ya kinywa, na saratani ya mdomo, koo na umio imethibitishwa kuwafuata wavutaji wa biri. Kuiva kwa jani hakukuiondoa sumu yake. Nao waliosema mwonja asali haonji mara moja walimjua binadamu vyema.

Mwonjaji mwadilifu, kwa hivyo, hutoa hukumu mbili kwa biri moja: kwamba weusi wake umesingiziwa ukali usio wake, na kwamba utamu wake umesamehewa madhara yaliyo yake. Atakayeweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja, pasipo kuliacha moja limfunike jingine, huyo amejifunza kuhukumu. Nao ujuzi huo wahitajika mbali sana na meza ya tumbaku, kila mahali ambapo watu hupimwa kwa rangi ya vazi lao la nje kabla hawajafungua kinywa.