Mkate umehamia Ng'ambo

Zamani kila nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilikuwa na mtoto wake wa kutumwa mkate. Ikikaribia magharibi unapewa sarafu na kitambaa safi, unaambiwa usichelewe na usile njiani. La kwanza tulilitii. Mkate wa ajemi, ule bapa wa mviringo unaobandikwa kwenye kuta za tanuri, ukitoka wa moto hauvumiliki. Ulifika nyumbani umemeguka ukingoni, nasi tukaapa kwamba ndivyo tulivyouziwa.

Mofa haikuhitaji kufuatwa. Vijimkate vile vya mtama vilipitishwa mlangoni, na vililiwa kwa mchuzi wa samaki. Mkate wa ufuta ulikuwa na heshima yake zaidi, hasa Ramadhani. Unga umeumuka kwa hamira na tui la nazi, umetandazwa kikaangoni, ufuta juu. Chini ukishaiva kikaango kinapinduliwa kuelekea makaa, na mkate hauanguki kwa sababu umeshika chuma. Mtoto aliyeruhusiwa kuushikilia mpini alijiona mtu mzima.

Siku hizi, kutoka mtaa wa Shangani mpaka Kiponda, anayetafuta chakula cha unga wa ngano atapata pizza kwanza. Ipo ya Kitaliani hasa, ya tanuri la kuni, inayoliwa juu ya dari huku watu wakitazama jua likizama baharini. Wataliani wanakuja kwa wingi tangu hoteli za pwani ya mashariki zilipoanza kujengwa, na sishangai kwamba chakula chao kimewafuata. Nimeila. Ni nzuri, ila bei yake ingelisha nyumba yetu ya zamani futari ya siku kadhaa.

Ipo pia pizza ya bustani ya Forodhani, na hii ni ndugu yetu kabisa. Mpishi analivuta donge juu ya meza yenye mafuta hadi linakuwa jepesi kama shashi, anatia nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, yai, mayonezi na kijipande cha jibini, anakunja pembe nne na kukaanga. Wazee wakitazama wanaiona ni mantabali ya zamani, isipokuwa hayo mayonezi. Mgeni haijui mantabali, lakini pizza anaijua, kwa hiyo muuzaji amefanya hesabu yake. Siku hizi wanaijaza hata ndizi na chokoleti. Mimi hapo hunyamaza tu, maana vijana wanatafuta riziki.

Wapo wanaosema pizza imeua mkate. Siamini. Mkate wa ajemi unataka wakaazi: watu wanaokula chakula cha usiku nyumbani, wenye watoto wa kutuma. Pizza inataka wapita njia. Tangu mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kumekuwa na bidii ya kuzitunza kuta zake, na bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Lakini nyumba moja baada ya nyingine imekuwa hoteli, na jikoni palipopinduliwa kikaango cha ufuta sasa pana meza ya mapokezi. Mwenye tanuri hawezi kuishi kwa kumuuzia mgeni mkate mmoja wa kupigia picha.

Jirani zetu wengi wamevuka barabara ya Creek Road kwenda mitaa ya Ng'ambo, Michenzani na mbali zaidi, ama kwa kodi kupanda, ama kwa nyumba za urithi kuuzwa ndugu wagawane. Mkate umewafuata. Ramadhani, ukipita soko la Darajani alasiri, utaona mikate ya ufuta imepangwa mezani, na wanunuzi wanaibeba hadi kwenye daladala za kutoka mjini. Bibi yangu mmoja aliyebaki Shangani huwasubiri wajukuu wamletee wa kwake kutoka huko, na ukichelewa anauliza tena kwa simu: "Mmeshautia mkononi, au mnaula njiani?"